Sura ya Tisa: Chupa Mbili katika Kitanda Kimoja

Baridi ya ukingo wa Ngorongoro haibagui mtu. Mahali pale pako zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na jua likisha kuzama ng'ambo ya bonde, ukungu hupanda kutoka msituni hata ukaingia katika baraza za hoteli, ndipo mgeni aliyetoka kwao akidhani Afrika yote ni joto huanza kuulizia blanketi la pili. Kwa ajili hiyo hoteli za huko zina dasturi ambayo mimi, mtoto wa Pangani, sikuwahi kuiona mpaka nilipoingia kazi ya kuendesha magari ya watalii kutoka Arusha: wageni wakiwa mezani kwa chakula cha usiku, mhudumu wa vyumba hupita mlango hata mlango akichukua chupa za mpira zilizotiwa maji ya moto na kuvikwa mifuko ya sufu, akazitia vitandani upande wa miguu, moja kwa kila mtu, akafunga mapazia, akaondoka bila kuacha alama nyingine ya kupita kwake ila joto lile.

Katika miaka ambayo njia ya kutoka Makuyuni ilikuwa bado vumbi jekundu, nilichukua wageni wawili wanaume, watu wa makamo, Wazungu, ambao walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na sita. Katika karatasi ya safari chumba chao kiliandikwa dabo, yaani kitanda kimoja kikubwa. Mtu wa mapokezi aliwatazama, akaitazama karatasi, akalikata neno lile kwa kalamu, akaandika twini, kisha akaninong'oneza kwamba bila shaka ofisi ya Arusha imekosea. Mimi nilikuwa nimekaa nao garini siku tano. Nilikuwa nimemwona mmoja akimfunga mwenziwe vifungo vya koti kila alfajiri, kwa kuwa vidole vya mwenziwe vilitetemeka kwa maradhi yaliyokwisha kuanza, na wala haikunihitaji elimu kubwa kufahamu kwamba mikono ile imezoea kazi hiyo nyumbani. Nilifahamu, nikanyamaza, nikachukua mizigo yao hadi chumba cha vitanda viwili, na wao hawakusema neno.

Usiku wa kwanza kila kitanda kilitiwa chupa yake. Usiku wa pili, tuliporudi kutoka bondeni tumechoka na tumejaa vumbi, mama mmoja wa Kiiraqw aliyekuwa mhudumu wa vyumba alikuwa amekwisha kupita. Asubuhi yule mwenye mikono mizima alinieleza alilolikuta: kitanda kimoja kimevutwa hadi ukutani na kutandikwa blanketi la ziada lililokunjwa, kana kwamba ni meza ya kuwekea nguo, na katika kitanda cha pili, chini ya shuka, chupa mbili zimelazwa ubavu kwa ubavu. Hakuna aliyemwagiza. Nilipompelekea mama yule shukrani za wageni, alinijibu bila kuacha kukunja taulo, "Asante ya nini, baba? Kazi yangu ni kupasha vitanda moto." Maneno yake nimeyachukua miaka mingi, na sura hii ni jaribio langu la kuyapima.

*

Msomaji asiyejua mambo ya kule na aelewe kwanza jinsi usiku wa Ngorongoro ulivyo. Bonde lenyewe lina upana wa kilomita 19 hivi, kina chake ni mita 600, na sakafu yake ni kilomita za mraba 260 za majani, chumvi na maji. Na sheria ya hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1959, humtaka kila dereva awe amekwisha kupanda saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo lango la hifadhi la Lodoare hufungwa. Hakuna kwenda wala kutoka. Nyati hutoka msituni wakala majani ya bustani za hoteli, na mgeni akitaka kutoka chumba cha kulia kwenda kulala, askari humwandama na tochi. Wageni hukaa kuzunguka moto, husema kwa sauti ya chini, na kufikia saa nne kila mlango umefungwa. Usiku wa namna hii ni kama vazi: humfunika mwenye nacho na asiye nacho, waliooana kwa ndoa na wasiokuwa na ndoa, wala haumuulizi mtu alichonacho moyoni.

Ukishuka hadi Karatu, usiku ni wa aina nyingine. Karatu, mji uliopata kuwa makao makuu ya wilaya baada ya wilaya hiyo kukatwa kutoka Mbulu, umejengwa kufuata barabara, na barabara ndiyo riziki yake. Madereva wasiopewa vyumba hifadhini hulala huko. Malori ya vitunguu kutoka Mang'ola hupumzika huko. Moshi wa nyama choma hupanda mbele ya kila baa, muziki wa duka moja ukipigana na wa duka la pili, na vijana wa bodaboda wakingoja mpaka usiku wa manane. Huko watu hutazamana. Huko watu wawili wakiketi meza moja mara tatu, mara ya nne huwa habari. Nimeyapenda maisha yale, nami sitayasema vibaya, kwa sababu macho yale yale yanayokutazama ndiyo yatakayokuokota ukianguka. Ila ni haki kukiri kwamba Karatu mtu hawezi kupotea katika umati, kwani umati wenyewe unamjua mjomba wake.

Na juu ya nyusiku hizi mbili imetandazwa sheria moja. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu kitendo baina ya wanaume wawili, hata wakiwa watu wazima walioridhiana na mlango umefungwa, kwa kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilipoizidisha adhabu ya zamani. Wengi huniambia kwamba sheria hiyo ni mila yetu. Kwa yakini yako mengi katika dini na mila zetu yanayokataza, nami sitaki kumpokonya mtu dini yake. Lakini kifungu chenyewe kina nasaba inayojulikana. Kilitungwa na Waingereza kwa ajili ya Bara Hindi mwaka 1860, kikavushwa bahari pamoja na sheria nyingine za Kihindi walipoitwaa Tanganyika, kisha kikaandikwa katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930. Waingereza wenyewe walianza kuifuta ya kwao mwaka 1967. Mahakama ya Juu ya India iliibatilisha ya Bara Hindi tarehe 6 Septemba 2018. Na kabla ya Oktoba ya mwaka huo huo kwisha, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka watu wa namna hii na kuwaomba raia wapeleke majina. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa tamko kwamba hayo yalikuwa maoni ya mkuu wa mkoa wala si msimamo wa serikali. Tamko lilisikika nchi za nje. Mitaani, lililosikika ni lile la kwanza.

*

Wageni wangu wale wawili walihamia Bangkok walipostaafu, na mwaka 2008 wakanialika. Nilikwenda nikiwa na khofu, kwa kuwa nilikuwa nimesikia mengi juu ya mji ule, na aghalabu aliyekuwa akinisimulia hakuwahi kufika. Usiku wa kwanza walinipeleka Silom, katika kichochoro kinachoitwa Soi 4, ambacho upana wake hauzidi ule wa njia za Mji Mkongwe, viti na meza vimepangwa pande zote mbili, hata anayepita katikati hutazamwa kama bwana harusi. Kulikuwa na baa moja iliyofunguliwa mwaka 1987, ambayo zamani kila meza yake ilikuwa na simu, ili mwenye haya aweze kupiga meza ya pili bila kuinuka. Wanaume walikaa wawili wawili wakila na kucheka. Walipita akina kathoey, wale ambao Wathai huwahesabu kuwa si wanaume na si wanawake, wamevaa kwa adhama. Na polisi mmoja alisimama mwanzo wa kichochoro akinunua matunda. Nilimtazama polisi yule kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote. Hakuwa akifanya lolote.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba nilifika peponi. Mtaa wa pili, upande wa Surawong, palikuwa na milango ambayo nyuma yake vijana wa umri wa mwanangu walisimama jukwaani na namba viunoni, wakingoja kuchaguliwa na wanaume wenye umri wangu. Wengi wao, nilivyoambiwa, walitoka Isan, nchi ya mpunga na umaskini huko kaskazini-mashariki, na fedha zile zilirudi kwao kujenga nyumba za wazazi. Biashara hiyo imekatazwa na sheria ya mwaka 1996, nayo ikiendelea mchana kweupe. Niliondoka mtaa ule moyo umenizama, kwa sababu nilizitambua sura zile: nimeziona Arusha, nimeziona Nungwi, kijana maskini akipima uso wa mgeni kama avuaye samaki apimavyo upepo. Mahali ambapo mgeni ana fedha na mwenyeji ana njaa, starehe ya mmoja haikosi kupita juu ya mgongo wa mwingine, wawe wanaume kwa wanaume au wanaume kwa wanawake.

Nilirudi Bangkok mwaka 2025. Milango ile ya Surawong nilikuta imefungwa na pahali pamevunjwa. Soi 4 ilikuwa na taa zake bado. Ila safari hii nilipokewa na mtu mmoja. Yule mwenye mikono ya kutetemeka alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na mwenziwe, ambaye sasa alikuwa karibu na miaka themanini, aliniketisha sebuleni akanieleza alivyokufa. Hospitali ilipotaka saini ya kumpasua, alipokwenda kuitia, karani alimuuliza kwa upole, "Wewe ni nani wake?" Miaka arobaini na zaidi ya kumfunga vifungo, na jibu lake halikuwa na mahali pa kuandikwa katika fomu. Saini ilitafutwa kwa simu kutoka kwa mpwa aliyekuwa Ulaya, ambaye hawakuonana naye tangu utoto wake.

Ndipo nilipofahamu jambo ambalo mwaka 2008 sikulifahamu. Nchi ile ilikuwa imekwisha kuyaondoa mambo haya katika makosa ya jinai tangu kanuni yake mpya ya mwaka 1956. Taa za Silom zilikuwa zimewaka kwa miongo mingi. Mamilioni ya wageni walikuwa wamecheza na kurudi kwao wakisifu ukunjufu wa Wathai. Na yote hayo hayakumpa mzee huyu haki ya kutia saini moja. Ukunjufu hukuruhusu kukaa barazani. Hautoshi siku ya ugonjwa. Kilichobadilisha jambo ni kazi ya Wathai wenyewe, waliokusanya saini, wakabisha milango ya bunge mwaka baada ya mwaka, hata seneti ikapitisha sheria ya ndoa sawa tarehe 18 Juni 2024, ikatangazwa Septemba, na Januari 2025 ikaanza kazi. Na siku ya kwanza jozi zaidi ya 1,800 zikaandikishwa, nyingine katika duka kubwa la Siam Paragon mbele ya jamaa zao waliokuja na mashada. Mwenyeji wangu alikwenda kutazama. Alisema alisimama nyuma ya nguzo akiwa na koti la marehemu mkononi, ingawa Bangkok haina baridi.

*

Lugha yetu ina neno ambalo sioni nchi nyingine inayolitumia kwa upana huo, nalo ni stara. Stara ni nguo, stara ni ukuta, stara ni ndoa, stara ni kule kuliona jambo la mwenzio ukageuza uso ili asifedheheke. Pwani yetu imeishi na watu wa kila namna kwa kutumia stara hiyo. Ngoma za harusi, mashairi na misemo ya mitaa ya Mvita na Unguja vinajua habari za watu hawa tangu zamani, na lugha ina majina yao, mengine ya kuuma na mengine ya kupita tu. Hata neno shoga, ambalo leo hutupwa kama jiwe, bibi zetu waliitana kwalo wao kwa wao, mwanamke kwa rafikiye wa ndani, na mpaka sasa wako wanaoitana hivyo, wala halikuwa na lawama.

Lakini stara ina mipaka yake, nayo sharti isemwe. Unguja alikuwako mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa tarehe 5 Septemba 1946, akaondoka na wazee wake mwaka 1964, dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Mwaka 2006 palipokusudiwa kufanywa sherehe ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwake, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipinga kwa sababu ya maisha yake, na sherehe ikaachwa. Tangu 2019 iko nyumba ya makumbusho yake Mji Mkongwe, na watalii hulipa kiingilio, hupiga picha mlangoni, hurudi na furaha. Tumemkubali akiwa picha ukutani na fedha mkononi. Nami nimejiuliza mara nyingi kama tungempa kiti barazani iwapo angerudi akiwa hai.

Vivyo hivyo kwa wageni. Wanaume wawili kutoka ng'ambo hupita Karatu kila msimu, na madereva tunawajua, na mameneja wanawajua, na kila mtu hugeuza uso kwa murua, kwa kuwa mgeni ni baraka na lango la hifadhi hulipiwa kwa dola. Stara hiyo si mbaya. Mimi mwenyewe nimeila kwa miaka thelathini. Ila mtoto wa Karatu mwenye moyo wa namna ile ile, aliyebatizwa kanisa lile lile na kusoma shule ile ile, hapewi stara, huachiwa kificho. Na vitu hivi viwili vinafanana kwa mbali tu. Stara humtoka mwenyeji, naye hutoa kwa rehema. Kificho hujitafutia mwenye khofu, naye hukipata akikipata. Februari 2017, Wizara ya Afya iliposimamisha huduma za vituo 40 vilivyokuwa vikiwapokea watu hawa kwa ajili ya kinga na dawa za Ukimwi, si wageni waliopungukiwa na dawa.

*

Imenipasa sasa kusema langu. Katika siku zile za Novemba 2018, nilikuwa nimeketi katika baa moja ya Karatu yapata saa nne usiku, akanijia kijana aliyekuwa akifanya kazi jikoni mwa kambi moja ya watalii, kijana mpole, mwenye mkono mzuri wa kupika mikate. Mwenye nyumba alikuwa amemtolea vitu vyake nje siku ile, kwa neno lililosemwa na jirani. Aliniomba nimpakie alfajiri hadi Arusha, aliko dada yake. Hakulia, alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wenye nguo, na viatu vyake alikuwa amevifuta. Nilitazama huku na huku kuona nani anatutazama, kisha nikamwambia kwamba gari limejaa. Wageni wangu walikuwa wameruka kwa ndege kutoka Manyara mchana ule. Gari lilikuwa tupu, viti sita, na alfajiri niliteremka mteremko wa Mto wa Mbu peke yangu, redio ikiimba.

Mwaka huu nilirudi Karatu, si kwa kazi bali kwa kutembea, nikauliza habari za yule mama wa vyumba. Amestaafu, analima mahindi na maharage upande wa Rhotia, ana ng'ombe wawili, na magoti yanamsumbua. Alinipa kiti na chai ya maziwa. Tulizungumza habari za mvua na za wafu wetu, na nilimpa salamu za mzee wa Bangkok, akakumbuka hata rangi ya makoti yao. Kisha, kwa kuwa jambo lilikuwa limenikaa kooni, nikamuuliza kama alipata kumjua kijana wa mikate, nikamweleza nilivyomjibu.

Alikaa kimya muda, akizungusha kikombe. "Alikuja hapa usiku ule," akasema. "Kutoka mjini kwa miguu. Ulikuwa na mvua. Alilala siku mbili, ya tatu mwanangu akampeleka na pikipiki hadi Makuyuni, akapanda basi." Nikamuuliza kama hakuogopa majirani. "Niliogopa, baba. Kwa nini nisiogope?" Akaelekeza kidole kwenye msumari wa mlango wa ndani, ambapo chupa ya mpira ilikuwa imening'inizwa, mfuko wake wa sufu umepauka, chupa aliyopewa siku aliyostaafu. "Nilimwekea ile. Alikuwa na baridi sana."

Nimezitafakari haki na rehema kwa umri wangu wote, nikadhani rehema yaweza kusimama mahali pa haki. Lakini kijana yule alibisha hodi mara mbili kwa watu wawili waliojifunza kazi katika nyumba moja, na uhai wake ukategemea ni mlango upi ulikuwa wa pili. Nilimuuliza mama kama anajua aliko sasa. Akasema hupiga simu kila Krismasi, wala hasemi yuko mji gani, naye hamuulizi. Mwaka uliopita alimtumia kitenge. Aliingia ndani akakitoa, kikiwa bado katika karatasi yake, akakilaza mapajani mwangu nikitazame, na kwa kuwa jua lilikuwa linashuka upande wa bonde na upepo wa baridi umekwisha kuanza, akaenda kuchochea moto.